Mfumo Mpya, Vifaa Vimegoma: Wasomaji Wauliza, Tunajibu

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, barua tunazopokea zinafanana: kompyuta imepandishwa toleo, inawaka vizuri, ila printa, skana, kamera au kebo fulani haifanyi kazi tena. Tumechagua maswali manane yanayojirudia, na tumeongeza mawili ya watumiaji wa Mac na Linux kwa sababu nao hawakusalimika.

Ombi moja kabla ya yote. Usitupe kifaa, wala usipige Windows upya, kabla hujajua ni wapi mawasiliano yamekatika. Kati ya kifaa na programu unayoitumia kuna kebo, tundu, draiva (programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa), huduma ya mfumo na ruhusa. Kupandisha toleo hugusa hizo tatu za mwisho. Kifaa chenyewe mara nyingi ni kizima kabisa.

Printa ya zamani, pembetatu ya njano

*Ndugu wahariri, nina printa ya leza ya USB, ina miaka kama kumi na miwili. Kwenye Windows 10 ilichapa bila shida. Nilipowekewa Windows 11 ikatokea kwenye Device Manager ikiwa na pembetatu ya njano. Fundi kasema muda wake umekwisha, ninunue nyingine. Ni kweli?*

Inawezekana, lakini pembetatu peke yake haitoshi kuihukumu printa. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, kisha bofya mara mbili jina la kifaa. Katika kichupo cha General kuna msimbo, na huo ndio unaosema ugonjwa ulipo. Msimbo 28 maana yake hakuna draiva iliyowekwa. Msimbo 10, draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza. Msimbo 39, faili la draiva halipo, limeharibika, au mfumo umekataa kulipakia. Msimbo 52, sahihi ya kidijitali ya draiva haikuthibitika. Msimbo 22, kifaa kimezimwa tu, na Enable Device inatosha. Msimbo 43 ni kifaa chenyewe kilichoripoti hitilafu, na hapo ndipo tungeanza na kebo nyingine na tundu jingine kabla ya kugusa programu.

Kwa maelezo yako tunadhani ni 28. Sababu yake ni hii: Windows 11 haina toleo la biti 32, muundo wa zamani wa mfumo; ipo ya biti 64 tu. Kama Windows 10 yako ilikuwa ya biti 32, haikuwezekana kupanda moja kwa moja. Fundi alilazimika kusafisha diski na kuanza upya, na draiva zote zikaondoka. Draiva ya biti 32 haiwezi kupakiwa kwenye mfumo wa biti 64 kwa namna yoyote, hata uilazimishe. Unahitaji ya biti 64.

Sasa tafuta utambulisho wa kifaa. Ukiwa kwenye dirisha lile lile nenda kichupo cha Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na USB\VID_ ukifuatwa na herufi na tarakimu nne, kisha PID_ na nne nyingine. VID ni mtengenezaji, PID ni modeli. 03F0 ni HP, 04A9 ni Canon, 04B8 ni Epson. Ziandike. Jina lililobandikwa kwenye kava la printa linaweza kuwa la familia nzima ya modeli, lakini namba hizi hazidanganyi, na ndizo Windows inazozilinganisha na faili la draiva lenye mwisho wa .inf.

Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Usihangaike kama hakuna sehemu iliyoandikwa Windows 11. Ya Windows 10 biti 64 kwa kawaida inakubali, kwani muundo wa draiva haukubadilika kati ya matoleo hayo mawili. Mara nyingi hata ya Windows 8.1 au 7 biti 64 hufanya kazi kwa printa. Isipokuwa jambo moja: kama kompyuta yako mpya ina prosesa ya ARM, draiva za x64, yaani za prosesa za kawaida za Intel na AMD, hazitapakia hata moja. Huko lazima iwe ARM64. Hakikisha hilo kwenye Settings, System, About, mstari wa System type. Na tafadhali jiepushe na zile programu zinazodai kukutafutia draiva zote kwa kubofya mara moja. Zinakisia, na zikikosea unabaki na matatizo mawili badala ya moja.

Kabla ya kuweka mpya, ondoa mabaki ya zamani. Chomoa kebo ya USB. Fungua Command Prompt kwa hadhi ya msimamizi, andika

printui /s /t2

Orodha ya draiva za printa itafunguka. Chagua ya printa yako, bonyeza Remove, kisha chagua kuondoa draiva pamoja na kifurushi chake. Ikikataa kwa kudai inatumika, andika net stop spooler, kisha net start spooler (spooler ni huduma inayopanga kazi za kuchapa), ujaribu tena haraka kabla kazi yoyote haijaingia kwenye foleni. Baada ya hapo endesha kisakinishi cha draiva mpya huku kebo ikiwa bado imechomolewa. Usichomeke mpaka kisakinishi kikuambie. Wengi hukosea hapa: wakichomeka mapema, Windows hujiwekea draiva yake ya jumla, na kisakinishi kinapofika hukuta nafasi imeshakaliwa.

Na kama mtengenezaji hana draiva ya biti 64 kabisa? Tazama kwenye kitabu cha printa kama inaelewa lugha za printa za PCL 6 au PostScript. Ikiwa inaelewa, draiva ya jumla ya mtengenezaji huyo kwa lugha hiyo itaichapisha vizuri. Ikiwa ni ya aina isiyo na lugha yake, inayotegemea kompyuta kuiandalia kila nukta ya ukurasa, draiva ya jumla haitasaidia. Njia iliyobaki ni kuiunganisha na kompyuta ndogo yenye Linux, ambako huduma ya uchapishaji ya CUPS inaweza kuwa na draiva yake, kisha kuigawa kwenye mtandao wa nyumbani. Hilo likishindikana, hapo ndipo tutakubaliana na fundi.

Ukishaipata draiva sahihi, hifadhi kisakinishi chake kwenye diski ya nje. Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za printa za watengenezaji kupitia Windows Update, ikihamia kwenye uchapishaji wa IPP usiohitaji draiva maalumu. Printa ya USB ya umri wa yako mara nyingi haijui IPP, kwa hiyo faili hilo ni mali.

Ipo kwenye mtandao, lakini Windows inasema Offline

*Wahariri, printa yetu ya ofisi inachapa kutoka kwenye simu, lakini kompyuta zilizopandishwa toleo zinaonyesha Offline. Anwani yake ya IP inajibu.*

Hapo mtandao ni mzima. Kilichobadilika ni poti, njia ambayo Windows hutumia kuifikia printa. Wakati wa kupandisha toleo, au printa ilipoongezwa upya, Windows huwa inachagua poti ya WSD, ambayo hutegemea printa kujitangaza yenyewe. Tangazo likipotea, printa huhesabiwa haipo hata kama ipo mezani.

Fungua Printer properties, kichupo cha Ports, bonyeza Add Port, chagua Standard TCP/IP Port, uandike anwani ya IP ya printa. Itifaki iwe Raw, namba 9100. Kisha bonyeza Configure Port na uondoe tiki kwenye SNMP Status Enabled. Tiki hiyo ndiyo inayosababisha nusu ya barua za aina hii: Windows huuliza hali ya printa kwa SNMP, printa isipojibu swali hilo moja huandikwa Offline, ingawa ingechapa ukiituma kazi.

Ingia kwenye ruta uifungie printa anwani hiyo isibadilike. Na kama kuna kazi zilizokwama kwenye foleni, simamisha spooler, futa mafaili yote yaliyo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, uiwashe tena. Futa yaliyomo, si folda yenyewe.

Kamera inawaka taa, picha nyeusi

*Shikamooni wahariri. Kamera yangu ya nje inaonekana kwenye Device Manager bila alama yoyote, lakini programu ya mikutano inaonyesha giza na maikrofoni haisikii.*

Marahaba. Kama Device Manager haina alama, draiva iache. Nenda Settings, Privacy & security, kisha Camera. Kuna vibonye vitatu hapo na vyote lazima viwe wazi: kile cha kompyuta nzima, kile cha programu kwa jumla, na cha chini kabisa, Let desktop apps access your camera. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na programu nyingi za mikutano zinahesabika kuwa desktop apps. Rudia vivyo hivyo kwa Microphone. Funga pia programu nyingine yoyote inayoweza kuwa imeishika kamera.

Kebo ya USB kwenda serial yenye ujumbe wa ajabu

*Nina mizani ya kupimia bidhaa inayounganishwa kwa kebo ya USB kwenda serial. Baada ya Windows 11, Device Manager inaonyesha mahali pa jina la kebo maneno yanayosema kifaa kimeondolewa sokoni tangu 2012, niwasiliane na muuzaji. Kebo niliinunua juzi tu!*

Ujumbe huo unatoka kwenye draiva, si kwenye Windows. Ndani ya kebo kuna chipu inayogeuza USB kuwa serial, mtindo wa zamani wa kupitisha data, na yako inajitambulisha kama PL2303HXA ya kampuni ya Prolific. Chipu hiyo imenakiliwa sana na watu wengine, kwa hiyo kampuni ilitengeneza draiva mpya zinazoikataa pamoja na nakala zake. Windows 11 ilipoingia ikachukua draiva mpya kupitia Windows Update, na kebo iliyokuwa ikifanya kazi jana ikapata msimbo 10. Hakuna kilichoungua.

Kama draiva ya zamani bado imo kwenye kompyuta, unaweza kuirudia. Bofya kulia kifaa, Update driver, Browse my computer for drivers, kisha Let me pick from a list. Ukiona matoleo zaidi ya moja ya draiva hiyo, chagua lenye mwaka wa zamani zaidi. Kebo ikiamka, ujue Windows Update inaweza kukurudishia mpya wakati wowote. Suluhisho hili ni la kukuvusha wiki hii, si la kudumu.

La kudumu ni kubadilisha kebo. Tafuta yenye chipu ya FTDI, au CH340, au Prolific ya kizazi kipya. Utazitambua kwa VID: FTDI ni 0403, CH340 ni 1A86, Prolific ni 067B. Mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yenye Windows 11 mbele yako uone Device Manager, maana maandishi ya kwenye pakiti hayasemi chipu iliyomo.

Kuna mtego wa pili, nao huwakamata hata waliobadilisha kebo. Kila kifaa cha serial hupewa namba, COM3, COM4 na kuendelea, na mfumo uliopandishwa au kebo mpya huweza kupewa namba tofauti. Programu ya mizani inaendelea kuita COM3 wakati kebo iko COM7, na kila mtu anailaumu draiva. Fungua kifaa chini ya Ports, kichupo cha Port Settings, Advanced, COM Port Number, uirudishe namba ya awali. Ikiandikwa kwamba namba hiyo inatumika, mara nyingi inashikiliwa na kebo ya zamani isiyokuwepo tena: rudi Device Manager, menyu ya View, Show hidden devices, uiondoe hiyo iliyofifia. Hakikisha pia kasi, biti za data na pariti vinalingana na kitabu cha mizani. 9600, 8, N, 1 (kasi, biti za data, bila pariti, biti ya kusitisha) ni mpangilio wa kawaida, lakini mizani nyingi hutumia biti 7 na pariti ya E (shufwa). Ukikosea hapo utapata herufi zisizosomeka badala ya uzito.

"A driver cannot load on this device"

*Kadi yangu ya sauti ya nje imenyamaza, na kuna ujumbe huo. Rafiki ameniambia nizime Memory integrity na kweli ikazungumza. Niiache hivyo?*

Hapana. Tunakuomba uiwashe tena.

Memory integrity huikinga kernel, moyo wa mfumo, kwa kukataa draiva zisizotimiza masharti ya usalama. Draiva dhaifu yenye sahihi halali ni mojawapo ya njia wanazozipenda wadukuzi kuingia hadi ndani kabisa. Ukiizima kwa ajili ya kadi moja, umeifungulia kompyuta nzima.

Fungua Windows Security, Device security, Core isolation details, kisha Review incompatible drivers. Utaona jina la draiva iliyozuiwa pamoja na jina lake la mfumo, mfano oem23.inf. Kama ni ya kadi yako, tafuta toleo jipya kwa mtengenezaji. Lakini usishangae ukikuta ni ya kifaa ulichoacha kukitumia miaka iliyopita. Ya namna hiyo iondoe kwa Command Prompt ya msimamizi:

pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall

Weka namba unayoiona kwako, si hiyo ya mfano wetu, kisha anzisha kompyuta upya. Jaribu pia kuiunganisha kadi bila draiva ya mtengenezaji: kadi nyingi za sauti za USB hufuata kanuni ya pamoja ambayo Windows inaijua yenyewe. Utakosa baadhi ya vitufe vya marekebisho na pengine ucheleweshaji mdogo wa sauti unaouhitaji wakati wa kurekodi. Kwa kusikiliza na kuzungumza inatosha.

Skana haitumi tena kwenye folda

*Mashine yetu kubwa ya kunakili ilikuwa inatuma nyaraka moja kwa moja kwenye folda ya kompyuta ya mapokezi. Tangu Windows 11 24H2 inaandika imeshindwa kuingia. Nenosiri ni lile lile.*

Nenosiri halina kosa. Mashine hutuma mafaili kwa itifaki ya SMB, ile ya kugawana mafaili kwenye mtandao, na hapo Windows imekaza mara mbili. Toleo la kwanza la itifaki, SMB1, halisakinishwi tena kwa kawaida tangu toleo 1709 la Windows 10, mwaka 2017. Kisha 24H2 katika Pro, Enterprise na Education ikaanza kudai kila ujumbe wa SMB uwe na sahihi. Mashine ya zamani haijui kutia sahihi, au inajaribu kuingia kama mgeni asiye na nenosiri, na vyote viwili vinakataliwa.

Anza upande wa mashine. Ingia kwenye ukurasa wake kwa kivinjari, tafuta sasisho la programu yake ya ndani, uone kama kuna mpangilio wa SMB2 au SMB3 na wa kutia sahihi. Kwenye kompyuta fungua akaunti ya ndani kwa ajili ya skana tu, yenye nenosiri refu, uipe ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo moja. Usitumie akaunti yako ya Microsoft yenye PIN. PIN haivuki mtandao. Hakikisha mtandao umewekwa Private, kwani kupandisha toleo wakati mwingine huurudisha Public na kufunga kugawana mafaili.

Isipokubali, badilisha njia: skani kwenda barua pepe, au FTP kwenye seva ya ndani, au diski ya USB kwenye mashine yenyewe. Kuondoa sharti la sahihi kunawezekana kwa PowerShell ya msimamizi,

Set-SmbServerConfiguration -RequireSecuritySignature $false

lakini fanya hivyo kwenye kompyuta moja tu isiyobeba siri, mpaka mashine ibadilishwe. SMB1 usiifufue kwa sababu yoyote ile. Ni udhaifu wa itifaki hiyo uliotumiwa na WannaCry mwaka 2017.

Kipanya kinakatika, diski ya nje inajichomoa

*Tangu nipandishe toleo, kipanya kisicho na waya kinaganda kila baada ya dakika chache na diski ya nje inapotea katikati ya kunakili.*

Dalili mbili, na huenda sababu ni mbili. Kwa diski, fungua Device Manager, Universal Serial Bus controllers, kila USB Root Hub, kichupo cha Power Management, uondoe tiki ya kuruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Sasisho kubwa hurudisha tiki hizo. Kompyuta mpakato za kisasa zinazotumia Modern Standby hazina kichupo hicho. Kwao sasisha draiva ya chipseti kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. Kama diski imechomekwa kwenye kigawanyaji kisicho na umeme wake, ihamishe moja kwa moja kwenye kompyuta: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski inayozunguka hunyonya nyingi inapoanza.

Kipanya ni hadithi nyingine, na huenda mfumo mpya hauhusiki. Je, siku ile ile ulihamisha kipokeo chake karibu na diski? Matundu na kebo za USB 3.0 zinapofanya kazi hutoa kelele za redio katika masafa ya gigahezi 2.4, masafa yale yale ya kipanya chako. Intel ilichapisha maelezo ya jambo hilo mwaka 2012. Chukua kebo fupi ya kurefusha, ya USB 2.0, ukisogeze kipokeo mbali na diski. Kama kipanya ni cha Bluetooth, kifute kabisa kwenye orodha ukiunganishe upya; ila kabla ya kufuta kibodi ya Bluetooth, hakikisha unayo ya waya mkononi.

Jaribu pia kuchagua Restart badala ya Shut down. Fast Startup inapokuwa wazi, Shut down huihifadhi kernel pamoja na hali ya draiva kwenye diski na kuirudisha asubuhi pamoja na kasoro zake. Restart huanza upya kabisa.

Kwenye Mac

*Nina Mac mpakato ya Apple silicon. Vifaa vya USB vinapata chaji lakini havionekani.*

Tangu macOS Ventura ya 2022, Mac mpakato za aina hiyo huomba idhini kabla ya kifaa kipya cha USB au Thunderbolt kupitisha data. Ukibonyeza kukataa, chaji hupita na data haipiti. Fungua System Settings, Privacy & Security, tafuta mpangilio unaohusu accessories, uuweke Ask for New Accessories. Chomoa kifaa, fungua skrini kwa nenosiri, chomeka tena, ukubali.

Kwa printa, bofya kulia kwenye orodha ya printa uchague Reset printing system, kisha uiongeze upya kwa AirPrint ikiwa inaikubali. Skana ambayo programu yake haifunguki tangu Catalina ya 2019, iliyoondoa programu za biti 32, ijaribu kwa Image Capture iliyomo tayari kwenye Mac. Kifaa kinachodai kernel extension (draiva inayoingia ndani ya moyo wa mfumo) kitakutaka uzime Mac, ushikilie kitufe cha kuwasha mpaka chaguo za kuanzia zitokee, uingie Options, Startup Security Utility, uchague Reduced Security. Uliza kwanza kama mtengenezaji ana draiva mpya isiyohitaji hayo.

Kwenye Linux

*Bodi yangu ya kujifunzia yenye chipu ya CH340 ilikuwa ikitokea kama /dev/ttyUSB0. Baada ya Ubuntu 22.04 inatokea na kutoweka.*

Andika sudo dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, mara tu baada ya kuchomeka. Ukiona jina brltty kwenye mistari ya mwisho, umempata. Hiyo ni huduma ya maonyesho ya nukta nundu kwa wasioona. Baadhi ya vifaa hivyo hutumia chipu yenye utambulisho ule ule, 1a86:7523, kwa hiyo brltty huinyakua bodi yako ikidhani ni yake. Dawa ni sudo apt remove brltty. Usifanye hivyo kwenye kompyuta inayotumiwa na mtu anayeihitaji huduma hiyo. Hapo zima tu ile kanuni ya udev (huduma ya Linux ya kutambua vifaa) inayotaja namba hizo. Kama poti inabaki lakini unanyimwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la dialout, linaloruhusiwa kutumia poti za serial:

sudo usermod -aG dialout $USER

Ondoka kwenye akaunti uingie tena, la sivyo mabadiliko hayaonekani.

Bado sijapanda. Nifanye nini kwanza?

*Kompyuta yangu ingali Windows 10 na kila kitu kinafanya kazi. Naogopa kuigusa.*

Chukua diski ya nje, tengeneza folda iitwayo Draiva, kisha kwa Command Prompt ya msimamizi andika

pnputil /export-driver * D:\Draiva

ukibadilisha D kwa herufi ya diski yako. Draiva zote za watengenezaji zitanakiliwa humo. Kifaa kikigoma kwenye mfumo mpya, na mifumo yote miwili ikiwa ya biti 64, zirudishe hivi:

pnputil /add-driver D:\Draiva\*.inf /subdirs /install

Piga picha orodha ya Ports kwenye Device Manager ili uwe na namba za COM, na ukurasa wa Ports wa kila printa ili uwe na anwani.

Ukishapanda, jaribu kila kifaa ndani ya wiki ya kwanza, hata kile cha mara moja kwa mwezi. Windows huhifadhi mfumo wa zamani kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10 tu, na muda huo ndio pekee ambao Settings, System, Recovery itakuonyesha Go back. Ukihitaji zaidi, kabla siku hizo hazijaisha andika

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

na utapata hadi siku 60. Ila usisafishe diski kwa Storage Sense wala Disk Cleanup katika kipindi hicho, kwa sababu ukiifuta Windows.old amri hiyo haina cha kurudisha.